Ukuta wa Ngata

Kibanda changu cha mabango pale Mkomaindo, Masasi, nilikifunga mwezi uliopita, na sasa ndani yake wanakaanga chipsi. Brashi tatu nimebaki nazo, nyingine nimegawa. Mke wangu anasema harufu ya tina ya kuyeyushia rangi imeshatoka kwenye nguo lakini kwenye masharubu bado ipo, na kwamba atanivumilia tu kwa kuwa amezoea.

Anayenifanya niandike haya ni Rehema, binti mwenye mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mashine yake ndiyo iliyonimalizia wateja. Nalisema bila kinyongo, maana inachapa kwa robo saa kitu ambacho mimi ningekifanya kwa siku mbili na kuomba ya tatu. Alikuja nyumbani na daftari jipya, akapiga goti, "Shikamoo, Baba Hilda." Nikaitikia marahaba. Akasema, "Sisi wenzio tunajua kubonyeza tu. Vikundi vinakuja vinataka alama ya kudai haki zao, tunawapa ngumi iliyokunjwa tuliyoitoa mtandaoni. Wafugaji wa kuku ngumi, walimu ngumi, kila mtu ngumi. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Nikamwambia aache daftari. Majibu yenyewe ni haya, na yamekuwa marefu kuliko swali.

Kazi nilijifunza kwa fundi Festo, mtoto wa katekista, mtu wa mkono wa kushoto na hasira za karibu. Siku ya kwanza hakunipa brashi. Aliniambia nitembee kutoka stendi mpaka sokoni, nirudi, nimtajie mabango niliyoyaona. Nilirudi nikiwa na mawili tu kichwani, jino na baiskeli. Jino lilikuwa la mng'oa meno, baiskeli ilikuwa ya fundi baiskeli, na hakuna hata moja lililokuwa na neno. Mengine yote, yenye majina marefu ya wenye maduka na maneno ya kumshukuru Mungu kwa chini, niliyapita kama ukuta mtupu. Festo alicheka mpaka akakohoa. "Umeshajifunza kazi," alisema. "Kilichobaki ni mkono."

Huo mkono ulichukua miaka. Kwa wiki nyingi nilichora mistari ya kusimama kwenye bati kuukuu, nikaifuta kwa mafuta ya taa, nikaanza upya. Nilijifunza kuegemeza kiganja kwenye fimbo iliyofungwa kitambaa ili mkono usitetemeke, na kupiga kamba ya chaki ili herufi zisipande mlima. Stensili tulikata kwenye filamu kuukuu za eksirei, maana ni ngumu, hazilowi, na wembe hupita vizuri. Shule kadhaa za wilaya hii zimeandikwa majina yao kupitia mbavu za watu nisiowajua, na ninawashukuru.

Kosa langu la kwanza la alama lilitokea nilipopewa kazi ya kuandika milango ya zahanati moja, ambayo nitaiacha bila jina kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Kwenye stoo ya dawa ya kupulizia mbu waliniambia niweke alama ya hatari. Nikachora fuvu zuri sana, na mifupa miwili chini yake, nikatia kivuli mpaka meno yakaonekana. Kesho yake mzee mmoja alimleta mkewe mwenye homa, akaona ule mlango, akageuza baiskeli na mkewe juu yake. Muuguzi alimkimbilia mpaka barabarani. Mzee alisema hawezi kumpeleka mke wake mahali ambapo wanatangaza wazi kwamba watu wanaishia hivyo. Nilirudi nikalipunguza fuvu likawa dogo kama kiganja, na meno nikayaondoa. Tangu hapo, kabla ya kuchora alama yoyote, niliuliza kwanza nani ataiona akiwa na hofu.

Kazi yangu ya kwanza ya kudai kitu ilitoka Chiungutwa. Wazazi walikuwa wamechoshwa na bodaboda zilizokuwa zikipita mbele ya shule kama zimeitwa na moto, na mtoto mmoja alikuwa ameshagongwa, akavunjika mkono. Walikuja na karatasi yenye sentensi saba za malalamiko wakitaka zote ziingie kwenye bango. Niliwaomba wanipe siku mbili. Nikachora kiatu kimoja cha shule, cheusi, kamba zimefunguka, kimelala peke yake kwenye bati jeupe. Hakukuwa na kitu kingine. Wazazi walinung'unika kwamba fundi amekula maneno yao. Lakini lilipowekwa, waendesha bodaboda walianza kupunguza mwendo pale, na mmoja wao aliniambia kwamba kila akikiona kile kiatu anatafuta mguu. Bango lilidumu msimu mmoja, kisha likaibiwa, maana lilikuwa bati zuri la geji nene. Nadhani limeezekwa kwenye banda la mbuzi la mtu.

Sasa nifike kwenye kazi iliyonifanya nikubali kuandika. Ilitokea miaka michache kabla sijastaafu.

Asubuhi moja waliingia kibandani wanawake watatu kutoka Nandwele, kijiji kilichoko ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Msemaji wao alikuwa Mama Halima, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo huna budi kuinamisha kichwa kuisikia. Nandwele hakuna kisima, ardhi ya kule juu hainyweshi mtu. Maji yao yalikuwa yakisukumwa na mashine kutoka chemchemi ya bondeni mpaka kwenye kilula, kituo cha kuchotea chenye mabomba manne. Mashine ilikufa. Ofisi ya mradi, ambayo nayo sitaitaja, ilisema kifaa kipo njiani, na kikaendelea kuwa njiani kiangazi kizima na masika na kiangazi kingine. Wanawake wakarudi kwenye njia ya bibi zao, kushuka genge, ule mteremko mkali wa mawe, kwa miguu na kupanda na ndoo kichwani.

"Binti yangu alianguka," Mama Halima alisema. "Ndoo ilimtangulia, na yeye akaifuata. Nyonga imevunjika. Yuko hospitali ya Ndanda, mwezi wa pili huu. Alikuwa anakwenda kufunga ndoa baada ya mavuno ya korosho."

Nikampa pole. Kisha nikauliza swali la kifundi, wanataka bango liandikwe nini.

"Kuandika tumeshaandika, baba. Barua nne. Wamezipokea vizuri, wakazitia kwenye faili. Sasa tunataka kitu kisichoingia kwenye faili."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kupewa maelezo mazuri ya kazi kuliko hayo.

Nilipanda Newala wiki ile ile, na kutoka hapo kwa bodaboda mpaka Nandwele. Nilitaka kuiona njia. Mama Halima aliniuliza kama nina hakika, nikasema mimi ni mtu wa Masasi, nimekulia kati ya majabali. Kushuka nilishuka. Walinipa ndoo ya lita kumi, ya watoto, na niliporudi juu ilikuwa na lita tano na miguu yangu haikuwa yangu. Katikati ya njia kuna mahali ambapo jiwe limesuguliwa na nyayo mpaka linateleza hata likiwa kavu. Hapo ndipo Halima alipoanguka. Wanawake walipita hapo mmoja mmoja, na kila mmoja alinyoosha mkono kidogo kuushika mzizi uleule.

Nikarudi Masasi na kiburi cha mtu aliyepata wazo. Sisi watu wa huku chini, Wamakua na Wayao, tunapanda uwandani na kudhani tunawajua Wamakonde kwa sababu tumeuziana nao mihogo tangu enzi za babu zetu. Nikajiambia, watu hawa wana michoro yao ya kale, zile chale ambazo baadhi ya bibi wa Newala bado wanazo usoni, pembe kwa pembe. Nikiweka michoro hiyo kwenye bango, nani atathubutu kuidharau? Kwa mchongaji mmoja wa njiani nilikuwa nimeona kinyago cha mwili, kile cha kifua na tumbo la mwanamke mjamzito ambacho mchezaji huvaa kwenye ngoma. Tumbo lake lilikuwa limechorwa vizuri mno, mistari ya kukatana na misumeno, yaani mistari ya menomeno, inayozunguka kitovu. Niliinakili yote kwenye daftari langu.

Nikatengeneza duara la misumeno ile na katikati yake tone la maji la buluu. Nilikata stensili kwenye eksirei kubwa niliyokuwa nimeitunza kwa kazi maalumu. Nakiri kwamba nilijipenda sana. Nilimwonyesha mke wangu, akasema linapendeza, lakini yeye ni Myao kama mimi.

Nililifunua bango Nandwele kwenye baraza la ofisi ya kijiji, saa nne asubuhi, mbele ya wanawake wapatao hamsini. Nilitegemea vigelegele. Badala yake mama mmoja wa nyuma akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumcheza, na kicheko kikatembea mstari hadi mstari. Wasichana walitazama chini. Mwenyekiti wa kijiji, mwanaume pekee mwenzangu pale, alikumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Aliyesimama ni Bibi Asumini, mwalimu wa unyago wa kijiji kile, bibi mdogo wa umbo mwenye chale usoni kuanzia paji la uso mpaka kidevuni. Alikuja mpaka kwenye bango akalisoma kwa kidole.

"Fundi, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kinyago, bibi."

"Kinyago cha nwananke?" akauliza kwa lafudhi ya Kimakonde.

"Ndiyo, bibi."

"Upande gani wa nwananke?"

Nikashika tumbo langu mwenyewe. Baraza lililipuka. Mama Halima, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, alikuwa amekaa chini akifuta machozi.

"Hizi ni za chini ya kitovu, mwanangu," Bibi Asumini alisema, naye akijikaza. "Anaziona nkunga, anaziona nume, na nume naye mpaka atulie. Wewe unataka tuzibebe barabarani tuzipeleke kwa bwana nkubwa?"

Nilitamani ardhi ya uwanda ipasuke. Nilikuwa mtu mzima, baba wa watoto watano, mzee wa kanisa, na nilikuwa nimechora siri ya wanawake kwa rangi ya mafuta, kwa vipimo, na kivuli nikatia. Hata leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. Niligeuza bango, upande mtupu ukawa mbele, nikaomba radhi. Waliipokea, lakini vicheko havikuisha siku ile, na nasikia mpaka leo kuna ngoma ya Nandwele ambamo ninaimbwa.

Bibi Asumini hakuwa amemaliza. Alikuwa ametoka bondeni asubuhi ile na ngata yake bado ilikuwa begani, ngata ya kanga kuukuu iliyosokotwa na kuzungushwa, ile ya kuweka kichwani chini ya ndoo. Alilitazama kopo langu la rangi. Bila kuniomba, akamimina rangi kidogo kwenye mfuniko, akachovya ngata, akaigandamiza kwenye mgongo mtupu wa bango langu, akaiinua.

Ilibaki duara. Halikuwa duara la bikari. Lilionyesha mikunjo ya kitambaa kama kamba, na mahali ambapo ncha ya kanga ilikuwa imechomekwa palitokea kidole cha rangi.

Mama Halima akaja na yake. Ngata yake ilikuwa na fundo, na fundo lilionekana. Akaja mwingine, anayesokota ya majani ya mgomba, nayo ikaacha nyuzinyuzi. Ndipo nilipoelewa kwamba kila mmoja anasokota kwa namna yake na wenyewe wanatambuana. Mbele yangu walikuwa wakisema kwa sauti, hii ya mama fulani, hii ya shangazi yake, kama mnavyosoma majina ninyi.

Nikaleta ubishi, maana fundi akishashindwa hubaki na ubishi. Nikasema ni rahisi mno. Mtu wa ofisini ataona sufuria, au gurudumu, au sifuri.

"Asiyebeba maji aone anavyotaka," Bibi Asumini alijibu. "Ataona nyingi. Mwisho atauliza."

Hapo, Rehema, ndipo swali lako linapojibiwa. Mchoro wangu ulihitaji mimi, eksirei na wembe. Mchoro wao ulihitaji kitu ambacho kila mmoja alikuwa nacho kichwani asubuhi ile. Ningekufa njiani, wao wangeendelea kuuchora. Ngumi zako za mtandaoni hazina ubaya wowote, ila hakuna mtu wa huku aliyewahi kubeba ndoo kwa ngumi.

Rangi yangu ilikuwa lita moja, ya bango moja. Mama mmoja akasema wana mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayotoka maganda yakichomwa, ambayo wanapaka nguzo zisiliwe na mchwa. Mafuta yale yanaunguza ngozi, lakini hakuna mwanamke wa uwandani asiyejua kuyashika. Walichovya kwa vijiti na kushikia majani. Mimi kazi yangu ikawa moja tu, kuwaonyesha jinsi ya kugandamiza mara moja na kuinua bila kuburuta. Walijifunza kwa dakika tano.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Walikwenda kwenye ofisi ya mradi, Newala, asubuhi, wameoga, kanga safi, ndoo tupu mikononi. Ofisi hiyo ilikuwa na ukuta mrefu mweupe unaotazama barabara. Sikuwa nimealikwa, nilijialika. Nilisimama ng'ambo kwenye duka la vocha nikanunua vocha nisizozihitaji.

Hakuna aliyepiga kelele. Walipanga mstari kama wanaopanga kwenye kilula, na kila mmoja alipofika ukutani aliweka ndoo chini, akagandamiza ngata yake iliyochovywa mafuta, akachukua ndoo, akaenda kukaa upande wa pili wa barabara. Mlinzi alikuja mbio, akasimama. Nadhani alikuwa akitafuta kosa na hakujua linaitwaje. Mwisho wa mstari alikuja Halima. Alikuwa ameruhusiwa kutoka Ndanda wiki ile, kwa magongo mawili, na mama yake hakutaka aje. Hakuweza kusimama na kugandamiza kwa wakati mmoja, kwa hiyo walimkalisha chini, naye akaweka duara lake huko chini, karibu na msingi, peke yake.

Meneja wa ofisi alitoka, kijana aliyevaa vizuri, akauliza kiongozi ni nani. Wanawake zaidi ya mia moja walimtazama. Akauliza tena. Mama mmoja akamwamkia kwa adabu na kumwuliza habari za nyumbani. Akarudi ndani.

Picha za ukuta zilisambaa kwenye makundi ya simu kabla ya adhuhuri. Baada ya siku chache niliona duara kwenye ndoo za vijiji vingine, kwenye pipa la maji la mama ntilie wa Newala mjini, kwenye mlango wa kanisa moja. Hakuna aliyenilipa wala kuniuliza, na nilifurahi kupita kiasi.

Wiki mbili baadaye simu yangu ililia. Alikuwa meneja. Mgeni mkubwa kutoka mkoani anakuja kukagua, ukuta unatakiwa uwe mweupe, na fundi wa kutegemewa wanayemfahamu ni mimi. Alisema kweli. Mabango yote ya ofisi ile niliyaandika mimi.

Nilipiga hesabu simu ikiwa sikioni. Nikikataa, angempata mwingine, na kwa bahati mbaya angeweza kumpata mjuzi. Maana mafuta ya maganda ya korosho yana tabia yake. Ukipaka chokaa juu yake, siku ya kwanza ukuta unang'aa kama harusi. Siku ya tatu linatokea doa la njano. Ya tano limekuwa kahawia. Ili kuyazuia lazima kwanza upige vanishi ya maseremala, ile inayoyeyushwa kwa spiriti, uiache ikauke, ndipo uje na rangi ya mafuta. Hilo nalijua mimi, na meneja hakulijua.

Nikamwuliza tu, "Bosi, unataka nipake nini?"

"Chokaa. Mikono miwili. Mgeni anakuja wiki ijayo."

Nikapaka chokaa mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, safi kabisa, bila kudondosha hata tone kwenye msingi. Sikusema neno. Niliogopa, nataka mjue hilo. Niliogopa kuitwa, niliogopa kupoteza jina la fundi makini nililolijenga tangu kwa Festo, na mzee wa kanisa ndani yangu alikuwa akiniuliza kama kunyamaza nako si uongo. Bado ananiuliza. Nimekwepa kumjibu mpaka leo.

Mgeni alipofika, ukuta ulikuwa umeiva. Maduara yalikuwa yametokea yote, rangi ya chai ya rangi, mengine yameingiliana. Nasimulia alivyonisimulia mama mfagizi wa ofisi ile, aliyekuwa amesimama na ufagio wake. Mgeni alishuka kwenye gari, akapeana mikono, akautazama ukuta, akauliza, "Hizi ni nini?" Meneja akasema ni unyevu. Mgeni akasema hajawahi kuona unyevu wenye fundo. Akauliza tena, kwa wote. Mama mfagizi akasema, "Ni ngata, mheshimiwa. Za akina mama wa Nandwele. Kila moja ni mtu."

"Na ile ya chini?"

"Huyo ndiye aliyeanguka."

Mgeni aliomba kupelekwa Nandwele siku ileile. Walimshusha kwa njia ileile, na wanasema alipofika kwenye jiwe alivua viatu. Sina maneno yake aliyoyasema aliporudi juu, na sitamtungia. Ninachojua ni kwamba kile kifaa, baada ya misimu yote ile, kilipatikana kabla mwezi haujaandama. Mashine iliwashwa na mabomba manne ya kilula yakakohoa, yakatema kutu, yakatoa maji.

Meneja aliniita mara moja kabla ya hapo. "Fundi, ile kazi gani uliyonifanyia?"

"Uliniambia chokaa, bosi."

Alinitazama sana. Nadhani alijua. Hakuniita tena mpaka alipohamishwa.

Nilidhani yameishia hapo, na kwamba ukuta ule ungebaki vile na mimi ningepita na kuutazama kila nikienda Newala. Lakini siku chache baada ya maji kutoka, Mama Halima alikuja kibandani, safari hii peke yake, na kopo la spiriti mkononi.

"Baba Hilda, nasikia unajua kuyazuia yale mafuta."

Nikaona aibu, nikakiri kwamba najua.

"Basi njoo uyazuie. Maji tumepata. Hatutaki watoto wetu wakizoee kile kitu cha ukutani wakione ni mapambo. Siku tukikihitaji tena, ngata tunazo."

Nilibisha. Nilimwambia watu wanaupiga picha, kwamba ni kumbukumbu, kwamba kazi nzuri kama ile haifutwi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeupenda ukuta ule kuliko kitu chochote nilichokichora kwa mkono wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nitahitaji vanishi kiasi gani.

Tulikwenda asubuhi, mimi na wanawake kama kumi. Safari hii nilifanya kazi nilivyofundishwa. Nilipiga msasa, nikapiga vanishi juu ya kila duara, wakati Bibi Asumini akikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kutaja mwenyewe wa kila moja kabla sijalifunika. Ilipokauka nikaja na rangi nyeupe ya mafuta. Ukuta ukawa mweupe kuanzia juu, na weupe ukashuka, mpaka likabaki moja karibu na msingi.

Nikapiga magoti na brashi yangu. Halima alikuwa amefika kwa gongo moja. Miaka imepita tangu siku ile, na ameolewa, na mguu ule hautakuwa sawa, waliomtibu walimwambia wazi. Akanigusa bega.

"Hii niachie mimi, baba."

Nilimpa brashi. Alikataa kukalishwa, alitaka kushuka mwenyewe, na alichukua muda. Kisha akapaka polepole, kwa kufuata mzunguko, mpaka lilipopotea. Alipomaliza alibaki ameweka kiganja pale ukutani kwenye rangi mbichi, na sisi wote tulisubiri, na hakuna aliyemwambia ataharibu.